Miche Niliyoisalimu

Mama,

Nakuita hivyo kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na kwetu mtu halitamki ovyo jina la mamake hata likiwa juu ya mtoto. Umeondoka asubuhi kwenda Kutus kumuaga shangazi yako, na kabla ya jioni utakuwa umerudi. Kesho unakwenda chuoni. Mama yako yuko shuleni na nyumba ni kimya. Nimeamua kuutumia mchana huu kuandika, maana mdomo umenishinda tangu Jumapili.

Sitakuandikia kuhusu sweta, wala simu, wala watu wa kuepuka. Mama yako ameshayasema hayo, na aliyoyasahau yeye shangazi yako anayasema sasa hivi, nina hakika, huku akikupakulia mara ya pili. Mimi nina jambo moja tu. Liko ndani ya sanduku lako, chini ya shuka ya kijani, limefungwa kwa gazeti. Ni daftari langu la msituni.

Sikupekua. Uliniomba nikaze bawaba ya sanduku, nikaona kona ya jalada lake la buluu, na nilijua ni lenyewe kabla sijaligusa. Ukurasa mmoja umeuwekea utepe mwekundu. Nilifungua pale penye utepe, nikasoma mwandiko wangu wa ujana, halafu nikafunga na kulirudisha kama lilivyokuwa.

Jumapili, wazee wa kanisa walipokuja kukuombea, mmoja wao alikuuliza hiyo digrii ya mazingira ni ya kufanya nini hasa, ama utarudi kutufundisha kuokota takataka za huku mtaani Majengo. Watu wakacheka, nawe ukacheka nao. Kisha ukamjibu kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ya mtu mzima. Ulisema watu huamini kwamba waliofukuzwa msituni ndio waliouharibu, na kwamba wewe una ushahidi, mstari kwa mstari, wa jinsi walivyoipanda miti ile na kuilea. "Ni mwandiko ya baba mwenyewe," ulisema. "Mwaka wa kwanza tu, nitampelekea mwalimu wangu aone." Wazee wakanigeukia wakanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kupewa tangu tuanze kupanga vyumba hivi. Nami nikaomba chai.

Daftari hilo lina uongo ndani yake, mama. Si lote. Kurasa nyingi ni za kweli, na ndiyo maana uongo wake ni mgumu kuuona. Lakini ukurasa uliouwekea utepe ni wa uongo kutoka juu hadi chini.

Unajua sehemu ya habari, kwa hiyo nitakupa ile usiyoijua. Tuliishi juu ya Mweiga, ndani ya msitu, katika kijiji cha nyumba za mbao. Serikali ilikuwa imekata miti ya zamani na ilitaka kupanda misonobari, ile tuliyoiita paini. Haikuwa na watu wa kutosha wa kupalilia, basi ikatupa sisi mashamba. Tulilima viazi katikati ya mistari ya miche, na malipo ya ardhi yalikuwa kuitunza miche hiyo. Ulikuwa mpango mzuri, na bado nauona hivyo. Ulikuwa na kasoro moja tu, nayo ilikuwa ndani ya mti wenyewe: mche ukikua, kivuli chake huua viazi. Kadiri ulivyolea miti yako vizuri, ndivyo ulivyoharakisha siku ya kuondoka. Waliotunza vizuri walihama mapema kwenda kufyeka shamba jipya mbali zaidi, na waliozembea, ikiwa hawakukamatwa, walibaki.

Kwa hiyo tukajifunza kusalimu.

Unaushika mche shingoni, karibu na udongo, kama unavyoshika mkono wa mgeni. Unautikisa taratibu mara tatu, mara nne, mpaka usikie kiganjani zile nyuzi ndogo za mizizi zikikatika chini. Halafu unashindilia udongo kwa kisigino na kupita. Kwa juu hakuna kilichobadilika. Baada ya wiki chache mche unageuka rangi ya kutu, na kila apitaye atasema ni jua. Tulikutana mtoni, mmoja akamwuliza mwenzake kama amewasalimu wageni wake, na mwenzake akajibu kwamba amesalimu wachache tu, wengine bado wamelala. Tulicheka sana kwa maneno hayo. Naona sasa kwamba neno ndilo lililotusaidia. Kama tungeita jambo hilo kuua, wengi wetu tusingeweza kulifanya huku watoto wakitazama.

Mimi nilisalimu. Sababu yangu ilikuwa nyanya yako, yule unayeitwa kwa jina lake. Miguu yake ilikuwa imevimba na hakuweza tena kupanda milima. Mashamba mapya yaliyokuwa yakigawanywa yalikuwa ng'ambo ya mabonde mawili, na sikujua ningemfikishaje huko. Nakupa sababu hii kwa kuwa ni ya kweli. Nimejaribu kwa miaka mingi kuifanya iwe kubwa kuliko ilivyo, na imekataa.

Jirani yangu aliitwa Kariithi. Alikuwa mtu wa Kirinyaga, mpole, mwenye mzaha wa chinichini, na alipenda miti kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Hakuwahi kusalimu hata mche mmoja. Tulimdhihaki, tukamwambia atakufa njaa akiwa kivulini. Alijibu kwamba kivuli nacho ni kitu, na aliendelea kupalilia. Kufikia mwaka wa tatu misonobari yake ilikuwa imefika kifuani, na yangu, hatua chache tu upande wa pili wa mpaka, ilikuwa vijiti vikavu.

Mimi nilikuwa nimesoma zaidi ya wengine pale kijijini, kwa hiyo nilikuwa karani. Kila mwezi mkuu wetu wa kituo, Mtaita mmoja tuliyemwita Bwana Misitu, alizunguka mashamba nami nikiwa nyuma yake na daftari. Niliandika namba ya shamba, miche iliyo hai, miche iliyokufa, na sababu. Sababu zilikuwa tatu tu: jua, wanyama, uzembe. Baadaye nilinakili yote kwenye fomu ya kwenda ofisi kubwa mjini. Aliyeandikiwa jua alipewa miche mingine. Aliyeandikiwa uzembe alinyang'anywa shamba.

Siku moja Bwana Misitu alisimama mpakani kwetu, akatazama vijiti vyangu, akatazama miti ya Kariithi, na akaniuliza bila kugeuka, "Karani, jua la huku huchagua?"

Aliendelea na shamba lililofuata. Wiki hiyohiyo alikwenda likizo kwao. Kabla ya kuondoka alitia sahihi fomu tupu na kuniachia nizijaze, kama alivyokuwa amefanya mara nyingi. Nilikaa kwenye baraza ya ofisi yake, mchana kama huu, jua likiwaka na vibarua wakipita na kunisalimia. Shamba langu lilikuwa namba kumi na nne. La Kariithi lilikuwa kumi na tano. Niliandika miti yake hai kwenye namba yangu, na miti yangu mikavu kwenye namba yake, na katika sehemu ya sababu nikaandika uzembe. Kisha nikauandika upya ukurasa wa mwezi huo daftarini ili ulingane na fomu. Hiyo ndiyo sababu ukurasa wako wenye utepe ni msafi kuliko kurasa nyingine zote. Haukuandikwa shambani mvua ikinyesha. Uliandikwa mezani.

Barua kutoka mjini ilifika kabla ya viazi kuchanua. Ilisomwa barazani, mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyeisoma. Kariithi alisimama na kusema hiyo miche iliyokufa si ya shamba lake, twende pamoja tukaangalie kwa macho. Ofisa aliyekuja na barua alikuwa na safari nyingine na viatu vizuri, akasema karatasi imeshasema. Kariithi akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Nafikiri bado aliamini ni makosa ya macho.

"Karani," alisema, "soma tena."

Nikasoma tena. Mama, nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na hakuna maneno niliyoyasoma kwa uangalifu kama yale, nikihakikisha sauti haitetemeki, nikitua mahali pa kutua.

Bwana Misitu aliporudi kutoka likizo aliiona nakala ya ile fomu. Aliishika kwa muda mrefu. Kuifungua habari ile kungemfungua yeye pia, kwa kuwa sahihi ilikuwa yake. Aliiweka ndani ya faili, na kuanzia siku hiyo hakuwahi kunitania tena.

Kariithi alipewa siku chache. Nilimsaidia kubomoa nyumba yake, kung'oa misumari na kupanga mbao, kwa kuwa kila mtu alisaidia na nisingeweza kukaa pembeni. Mkewe alinipa maji ya kunywa. Miche mipya ya kuziba pengo la namba kumi na tano ilipoletwa, ilipandwa upande wangu, palipokuwa na vijiti, na mche mpya ni miaka mingine ya viazi. Nyanya yako hakuhitaji kupanda mlima wowote.

Yaliyofuata unayajua, kwa sababu hayo ndiyo niliyokuwa nikikusimulia tangu utotoni. Miaka miwili baadaye ilikuja amri ya wote kutoka. Nyumba zilichomwa viazi vikiwa bado ardhini. Tuliishi kando ya barabara ya Mweiga chini ya karatasi za nailoni, na humo ndimo nyanya yako alimofia, akiuliza kila asubuhi kama nimekwenda kupalilia. Hayo yote ni kweli. Usiyafute kwa sababu ya haya ninayokuandikia leo. Tulidhulumiwa, na sitaki mtu yeyote, hata wewe, achukue kosa langu na kulifanya kibali cha moto ule.

Lakini ofisa aliyekuja kutufukuza alikuwa na karatasi mkononi. Alisoma kwamba wakulima wenyewe wanaua miti, na akataja kwa mfano shamba namba kumi na tano, ambako uzembe ulithibitishwa kwa maandishi. Nilikuwa nimesimama karibu, nikiwa na godoro kichwani. Kijiji kizima kilimlaani Kariithi siku ile. Walisema yeye ndiye aliyetuletea balaa.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilikuwa nikinyamaza wewe ulipoanza kuuliza. Ulikuwa na miaka minane au tisa, ukiwa umelala kifudifudi hapa sakafuni na lile daftari, ukihesabu mistari kwa kidole. Ulifika kwenye namba kumi na nne ukapiga kelele kwamba baba ndiye aliyekuwa mkulima bora wa wote. Ningekuambia pale pale. Nilitabasamu. Kosa la kwanza nililifanya kwa hofu, na la pili nililifanya kwa sababu lilikuwa tamu.

Mama yako anajua. Nilimwambia mwaka uliozaliwa, tulipokuwa tukichagua jina, kwa sababu niliona vibaya kumpa mtoto jina la mama yangu juu ya jambo lililofichwa. Unamjua mama yako. Watu wa Vihiga hawazunguki. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mboga, kisha akasema, "Umeniambia mimi, na mimi siye niliyeandikwa." Hakulitaja tena hadi Jumapili usiku, wageni walipoondoka. Aliniuliza tu kama chai ilikuwa nzuri.

Nilipopata kazi ya kutunza maktaba ya shule, nilisoma kila kitu kilichokuwa na neno msitu juu yake. Vitabu vingi vilitueleza sisi kama wezi. Vingine, vilivyoandikwa baadaye, vilitueleza kama watakatifu waliozaliwa wakijua siri za mti. Nilitafuta kimoja kilichokuwa na mtu mwenye jembe, mwenye mama asiyeweza kutembea, ambaye ameambiwa aulee mti utakaomfukuza. Sikukipata. Labda ndicho kitabu nilichotaka ukaandike wewe, na labda ndiyo maana nilikuacha ulichukue daftari. Nilidanganyika kwamba ungeweza kukiandika bila kunipitia mimi.

Utafundishwa kupima mengi huko. Utapewa fomu, na zitakuwa na nafasi ya sababu. Siwezi kukufundisha elimu yako, lakini nafasi hiyo ndogo naijua kuliko walimu wako. Mtu aliyeijaza alikuwa na jirani. Alikuwa na shamba upande mmoja wa mpaka. Muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa kuua miche, na hilo nimejisamehe, kwa kuwa nusu ya kijiji ilifanya hivyo na mpango wenyewe ulitusukuma. Iliyobaki ni kalamu.

Sasa nikueleze jambo la mwisho, ambalo shangazi yako analikumbuka kama mzaha tu. Mwaka juzi nilikwenda kwake Kutus akaniomba tukanunue miche ya parachichi. Tulifika kwenye kitalu kimoja kando ya barabara, kimefunikwa kwa wavu mweusi, safi, kila mfuko wa udongo umepangwa kwa mstari ulionyooka. Mzee mwenye kofia ya sufu alikuwa akimwagilia. Nilimtambua kwa mgongo, kabla hajageuka. Alipogeuka nikamnyooshea mkono, nikamwita kwa jina, nikamwamkia kwa Kikuyu, lugha yetu.

Yeye alinijibu kwa Kiswahili, lugha ya baraza.

"Hiyo mkono wacha ikae kwa mfuko, Karani. Salamu yako naijua."

Shangazi yako alicheka hadi akashika kiuno. Kariithi naye alitabasamu kidogo, kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Alituchagulia miche mitatu, akairudisha miwili na kutupatia mingine iliyo bora zaidi, akaifunga kwa nyuzi za mgomba. Shangazi alipokwenda kuangalia maua, nilimwambia Kariithi kwamba nataka kumwomba msamaha. Aliendelea kufunga fundo.

"Msamaha ni ya kanisa," alisema. "Mimi uliniandika. Andika tena."

Nikamwuliza nimwandikie nani. Ile ofisi haipo, Bwana Misitu alishafariki, na kijiji kimekuwa miti mitupu. Nilisema haya kwa haraka, kama mtu aliyekuwa ameyaandaa. Alinipa miche mkononi, akahakikisha nimeishika vizuri kwa chini na si kwa shingo.

"Tafuta mtu anasoma," alisema.

Basi naandika tena. Shamba namba kumi na nne lilikuwa langu. Miche yake ilikufa kwa mkono wangu, na sababu si jua wala wanyama. Shamba namba kumi na tano lilikuwa la Kariithi. Miti yake yote ilikuwa hai siku aliyofukuzwa, na kama haijakatwa bado iko hai, mirefu kuliko mnara wa msikiti wa hapa Majengo. Nimeyaandika maneno haya kwenye karatasi mbili nyingine zenye jina langu kamili na sahihi yangu. Moja iwe ndani ya daftari, pale penye utepe. Nyingine nitaipeleka Kutus mwenyewe, na ikiwa atataka isomwe mbele ya watu wa kitalu chake, nitaisoma.

Daftari ni lako. Unaweza kumpelekea mwalimu wako likiwa na karatasi hii, na hapo litakuwa ushahidi, ingawa si ule uliowaahidi wazee. Unaweza pia kuliacha hapa mezani. Ninachokuomba ni kwamba usilipeleke lilivyokuwa. Najua utakachopoteza. Ulikuwa umejijengea baba mmoja wa kwenda naye, na leo nimemtoa sandukuni siku moja kabla ya safari, wakati huna nafasi ya kumtafuta mwingine. Ningekuwa mtu bora ningefanya hivi ulipokuwa na miaka tisa sakafuni.

Nilifikiri kuikunja barua hii ndani ya shuka yako ili uikute ukiwa mbali, katika chumba chenye wenzako wapya. Ungelia au ungekasirika huko, na ungenipigia simu ukiwa umeshatulia, nami ningesikia sauti iliyopangwa. Hiyo ingekuwa njia rahisi kwangu, na nimechoka na njia zilizo rahisi kwangu.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii, ukishavua viatu na kunywa maji. Utaisoma hapa mezani kukiwa bado na mwanga. Sitatoka nje, wala sitajifanya nina kazi. Nitakuwa kwenye kiti cha pili, nikikutazama usoni, mpaka ufike mstari huu.

Baba yako